Pimeni moyo kabla ya kupima uzito: barua ya wazi kwa waandaaji wa mashindano ya watu wenye nguvu

Kwenu waandaaji, waamuzi wakuu, wadhamini na wamiliki wa haki za matangazo,

YAH: UPIMAJI WA MOYO NA MATIBABU YA MAJERAHA KWA WASHINDANI WENU

Salamu kwenu nyote.

Ninawaandikia nikiwa mtaalamu wa tiba ya viungo, ambaye kwa miaka mingi amekuwa pembeni mwa uwanja pamoja na washindani wa mchezo huu. Kazi yangu ni kukanda migongo, kufunga magoti, kukaza mikanda na kumwambia mtu ukweli anapoulizia bega linalomuuma. Sina cheo chochote katika mchezo wenu, wala sijawahi kubeba jiwe jukwaani. Ninachokijua ni miili ya watu mnaowaalika, na hali inayokuwa nayo miili hiyo baada ya ninyi kufungasha vifaa na kuondoka. Ombi langu ni moja lenye pande mbili: asishindane mtu yeyote kabla moyo wake haujapimwa kwa gharama yenu, na anayeumia katika mashindano yenu atibiwe kwa gharama yenu hadi apone.

Mtazamaji humwona mshindani kwa sekunde sitini au tisini, akivuta lori, akipindua tairi au akipandisha mawe ya Atlas, yaani mawe mazito ya duara, juu ya majukwaa, jiwe la mwisho likiwa na uzito wa karibu kilo 200. Maisha yanayozizaa sekunde hizo hayaonekani. Wengi wa washindani hao wana kazi nyingine za kuwapatia riziki, kwa sababu zawadi za mchezo huu huwatosha wachache sana walio kileleni. Hufanya mazoezi kabla ya kwenda kazini au baada ya kutoka, hula kwa ratiba hata wasipokuwa na njaa, na wale wakubwa zaidi hulazimika kumeza zaidi ya kalori 8,000 kwa siku, ambazo ni zaidi ya mara tatu ya mahitaji ya mwanamume wa kawaida. Nimemwona mtu wa miraba minne akiinamia sahani yake huku machozi yakimtoka, si kwa huzuni, bali kwa sababu tumbo limekataa na ratiba inamwambia bado.

Usiku nao una mambo yake. Mtu mwenye kilo 160 au 180, shingo nene na kifua kizito, mara nyingi hukatika pumzi usingizini bila kujijua. Wengi wao hulala wamevaa barakoa iliyounganishwa na mashine ya kusukuma hewa. Asiyeivaa huamka amechoka, shinikizo la damu likiwa limepanda, na asubuhi hiyohiyo anakwenda kubeba mzigo ambao utalipandisha zaidi. Hilo ni jambo la kitabibu, na ninaomba mlisome hivyo. Mtu anapobana pumzi na kuinua uzito wa juu kabisa wa uwezo wake, vipimo vilivyochukuliwa ndani ya mshipa vimewahi kuonyesha shinikizo la juu la damu likipita 300, wakati kwa mtu aliyetulia huwa karibu na 120. Moyo wenye afya hulistahimili hilo kwa sekunde chache. Moyo wenye kasoro unaweza usilistahimili, na mwenye moyo huo anaweza kuwa hajawahi kuhisi dalili yoyote.

Mnawajua tuliowapoteza, kwa maana picha zao zimo katika kumbukumbu zenu za matangazo. Jón Páll Sigmarsson wa Iceland, aliyetwaa taji la Mtu Mwenye Nguvu Zaidi Duniani mara nne, mwaka 1984, 1986, 1988 na 1990, alifariki Januari 1993 akiwa katika ukumbi wake wa mazoezi, akiinua uzito kutoka sakafuni. Alikuwa na umri wa miaka 32. Jesse Marunde wa Marekani, aliyeshika nafasi ya pili duniani mwaka 2005, alifariki Julai 2007 baada ya mazoezi, akiwa na miaka 27. Yeye alikuwa na ugonjwa wa kurithi unaozifanya kuta za moyo ziwe nene kupita kiasi. Mike Jenkins, naye wa Marekani, alishinda mashindano ya Arnold Strongman Classic mwaka 2012, na ilipofika Novemba 2013 alikuwa amefariki, akiwa na miaka 31.

Sisemi kwamba mchezo wenu uliwaua. Ninasema kwamba ugonjwa kama ule wa Marunde mara nyingi huacha alama katika kipimo cha umeme wa moyo, na kwamba kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti huuonyesha unene wa kuta kwa macho, bila sindano wala kisu, katika muda usiofika saa moja. Italia ilikwisha kuligeuza jambo hili kuwa sheria: tangu mwaka 1982 anayeshiriki michezo ya ushindani nchini humo hupimwa moyo kabla ya kupewa kibali. Watafiti walioufuatilia mkoa wa Veneto kuanzia mwaka 1979 hadi 2004 walikuta kwamba vifo vya ghafla vya moyo miongoni mwa wanamichezo vijana vilipungua kwa karibu asilimia 90. Wapo madaktari wanaobishana juu ya tafsiri ya takwimu hizo kwa michezo yote na umri wote, na ubishi wao nauheshimu. Lakini kwa kundi dogo la watu walio miongoni mwa wanamichezo wazito zaidi duniani, wanaobeba mizigo mikubwa mno, sioni hoja ya kutowapima.

Nikiwaambia hivi, najua jibu la kwanza litakalotolewa: kwamba moyo wa mwanamichezo hukua kwa mazoezi, na kipimo kinaweza kumtia hofu mtu asiye na tatizo. Ni kweli. Ndiyo maana naomba vipimo hivyo visomwe na daktari bingwa wa moyo anayeijua miili ya wanamichezo, na majibu yalinganishwe mwaka hadi mwaka, ili mabadiliko yaonekane mapema. Naomba pia daktari huyo asiwe mwajiriwa wa idara inayouza tiketi. Awe na mamlaka ya kumzuia mtu asishindane, hata kama jina la mtu huyo ndilo lililochapishwa kwa herufi kubwa kuliko yote kwenye tangazo, na neno lake likishatoka lisijadiliwe na mwandaaji wala mdhamini.

Hapa siwezi kulikwepa suala la dawa za kuongeza nguvu. Mwaka 2004 Mariusz Pudzianowski wa Poland, bingwa wa dunia mara tano, aliondolewa katika matokeo baada ya kukutwa na dawa zilizokatazwa, kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba mchezo huu haujawahi kupima. Hata hivyo, kila aliye ndani yake anajua kwamba mashindano mengi makubwa hayapimi kwa kiwango kinachojulikana katika michezo ya Olimpiki, na kila mwaka mizigo inaongezwa kana kwamba hakuna anayejiuliza miili hiyo inajengwa kwa nini. Steroidi, dawa za kujenga misuli, hunenepesha kuta za moyo, huvuruga mafuta ya damu, huifanya damu kuwa nzito na hupandisha shinikizo. Msimamo wangu ni kwamba dawa hizi zipigwe marufuku kwa dhati na watu wapimwe. Mkiwa hamko tayari kwa hilo leo, basi angalau msiwaache watu mnaowajua hali zao wapande jukwaani bila hata kusikilizwa mapigo ya moyo. Ukimya wenu kuhusu dawa ndio unaoufanya upimaji wa moyo kuwa wa lazima zaidi, na mshindani awe na hakika kwamba anachomwambia daktari kitabaki kwa daktari.

Sasa nije kwenye majeraha, ambako mimi nipo kila siku.

Mchezo huu ulianza na jeraha. Katika mashindano ya kwanza kabisa ya Mtu Mwenye Nguvu Zaidi Duniani, yaliyofanyika California mwaka 1977, Franco Columbu alifungiwa jokofu mgongoni akakimbia nalo, na goti lake likaachana mbele ya kamera. Mwaka 1981 Bill Kazmaier aliumia msuli wa kifua akikunja vyuma, na bado akashinda taji. Mwaka 2001 Žydrūnas Savickas wa Lithuania alikatika kano za magoti yote mawili, akarudi, na mwaka uliofuata akashika nafasi ya pili duniani kabla ya kutwaa taji hilo mara nne. Habari kama hizi husimuliwa na watangazaji wenu kwa sauti ya kusisimua, nami pia huzisikiliza kwa heshima. Ila anayesimuliwa ni yule aliyerudi. Asiyerudi hana mtangazaji.

Niwaeleze jeraha moja jinsi lilivyo. Mtu anapolikumbatia jiwe la Atlas, viganja vyake huwa vimegeukia juu na mikono imezunguka chini ya jiwe. Akilivuta kwa kukunja kiwiko badala ya kulinyanyua kwa kiuno na mapaja, uzito wote huangukia kano moja iliyo mbele ya kiwiko, ile inayoushikilia msuli wa mkono wa juu kwenye mfupa. Nilikuwa nimesimama hatua chache tu wakati kano ya kijana mmoja niliyekuwa nikimhudumia ilipokatika kwa namna hiyo. Mlio wake ulisikika kama kitambaa kigumu kinachochanwa. Jiwe lilianguka, naye akasimama akiutazama mkono wake. Msuli ulikuwa umejikunja na kupanda kuelekea begani kama mpira, na chini yake, karibu na kiwiko, palikuwa pamebonyea ambapo zamani palijaa nyama. Aliniuliza kama anaweza kuendelea na mkono mmoja.

Jeraha hilo linatibika. Daktari wa upasuaji huivuta kano na kuirudisha kwenye mfupa, na mshindani akifuata mazoezi ya kurudisha nguvu kwa miezi kadhaa, anaweza kushindana tena. Sharti lake ni muda: upasuaji unatakiwa ufanyike mapema, ikiwezekana ndani ya wiki mbili au tatu za mwanzo, kwa sababu kano iliyoachwa hujikunja, hushikana na nyama za jirani na kufupika. Kijana huyo alikuwa mbali na kwao. Waandaaji wa mashindano yale, ambao sitawataja, walimwambia kwamba bima ipo na kwamba barua zinashughulikiwa. Barua zilishughulikiwa wiki baada ya wiki, na mwishowe akaambiwa kwamba fomu aliyoitia saini asubuhi ya mashindano ilikuwa imewaondolea wao wajibu wote. Alipofikia meza ya upasuaji kwa fedha za kuchangiwa na ndugu na marafiki, kano ilikuwa imefupika kiasi kwamba ilibidi daktari aunganishe kipande cha kano kutoka sehemu nyingine. Leo mkono huo unafanya kazi za nyumbani. Mashindano ameyaacha.

Fomu ile ilikuwa na kurasa kadhaa za maandishi madogo, na aliletewa wakati mimi nikimfunga magoti. Kwa hiyo naomba jambo hili lieleweke kwa lugha nyepesi: mikataba itumwe mapema, mtu apate nafasi ya kuisoma na kuuliza, bima iwe imelipiwa kabla ya mtu kusafiri, nakala yake iwe mkononi mwake, nayo igharimie upasuaji, safari ya kurudi, na miezi ya tiba ya viungo inayofuata. Upasuaji bila tiba ya viungo ni kazi nusu. Na mtu akiumia, malipo ya awali ya matibabu yatoke kwanza, halafu mabishano ya nani alipe yafuate baadaye, kwa sababu kano haisubiri majibu ya wanasheria.

Liko pia suala la namna mizigo inavyopangwa. Julai 9, 2016, mjini Leeds, Eddie Hall wa Uingereza aliinua kilo 500 kutoka sakafuni. Damu ilimtoka puani, akaanguka na kupoteza fahamu kwa muda. Mei 2020 Hafþór Júlíus Björnsson wa Iceland aliinua kilo 501 katika ukumbi wake mwenyewe, na Septemba 2025 akafikisha kilo 510 mjini Birmingham. Ni kazi za ajabu, na mtu aliyezishuhudia hazisahau. Ninachokihofia ni yule aliye nafasi ya kumi na mbili, asiye na kikosi cha wataalamu kama cha Björnsson, ambaye msimu ujao ataukuta uzito wa jukwaani umepandishwa kwa sababu rekodi imepanda. Pangeni uzito kwa uwezo wa kundi zima, utangazeni wiki nyingi kabla, na msiubadilishe usiku wa kuamkia mashindano kwa sababu mtayarishaji wa kipindi anataka picha kali zaidi. Vilevile, msipange kazi mbili zinazobebesha mgongo au kano zilezile moja baada ya nyingine siku hiyohiyo. Mshindani aliyemaliza kuinua chuma kwa marudio mengi hana mgongo wa kwenda kubeba mawe saa moja baadaye, ingawa hatakataa, maana akikataa anapata sifuri na pointi zake zinapotea.

Hatakataa. Kila ninachowaandikia kinasimama juu ya neno hilo. Mchezo huu hauna shirikisho moja la dunia linalotambuliwa na wote, na mwaliko wa kushindana umo mikononi mwa mwandaaji. Anayelalamika anajua kwamba anaweza asiitwe tena. Wakongwe mnaikumbuka miaka ya kati ya 2005 na 2007, waandaaji walipogawanyika katika kambi mbili, kila kambi na bingwa wake wa dunia, na washindani waliofungwa na mikataba ya upande mmoja, Savickas akiwa miongoni mwao, wakakosa kushindana na wenzao wa upande wa pili katika miaka yao bora. Miaka hiyo haikurudishwa kwa mtu. Mshindani wa kiwango cha juu ana miaka michache tu ya kilele, na mwandaaji akiifuja, hakuna mahakama inayoweza kumlipa mtu ujana wake. Ndiyo maana naomba washindani wawe na wawakilishi wao, waliochaguliwa na wao wenyewe, wanaokaa katika vikao vya kupanga uzito, ratiba na mikataba.

Wanawake wanaoshindana, ambao wamekuwa na taji lao la dunia tangu mwaka 1997, wanastahili yote niliyoyataja, tena kwa kiwango kilekile. Madaktari na wataalamu wa viungo hupangwa kwa wingi siku ya fainali ya wanaume, na siku ya wanawake huachwa mtu mmoja na mfuko wa barafu. Nimekuwa mtu huyo mmoja. Wenye kano za kukatika ni wote.

Ninauandikia mchezo huu kwa kuupenda. Niliposikia kwamba Cheick Sanou wa Burkina Faso, yule wanayemwita Iron Biby, amesukuma gogo la kilo 229 juu ya kichwa mjini Glasgow mwaka 2021, rekodi ambayo hakuna aliyewahi kuifikia kabla yake, nilifurahi kama ninayemjua. Mei 2025 Rayno Nel wa Afrika Kusini, mhandisi wa umeme aliyekuwa akishiriki kwa mara ya kwanza, alishinda taji la dunia mjini Sacramento kwa tofauti ya nusu pointi dhidi ya Tom Stoltman, akawa Mwafrika wa kwanza kulitwaa. Milango imefunguka. Wanaingia sasa washindani wanaotoka mahali ambako hakuna daktari bingwa wa moyo karibu na ukumbi wa mazoezi, na ambako mtu akirudi nyumbani na kano iliyokatika hana wa kumwuliza. Upimaji mtakaoufanya ninyi, kwa wengi wao, ndio utakaokuwa wa kwanza maishani.

Kuhusu gharama, mnazijua hesabu zenu kuliko mimi. Mashindano ya dunia huwa na washindani wasiozidi thelathini hivi. Kuwapima moyo watu thelathini mara moja kwa mwaka ni gharama ndogo kuliko kujenga jukwaa moja la kubebea magari, na fungu hilo linaweza kuwekwa katika mkataba wa kila mdhamini na kila kituo cha televisheni kinachonunua matangazo, likiwa limetajwa kwa jina lake ili lisipotelee katika matumizi mengine. Bima ni ghali zaidi, nakubali. Mwandaaji asiyeweza kuilipia apunguze idadi ya washindani au mashindano, maana kwa sasa gharama hiyo haijafutika. Inalipwa na familia za walioumia.

Na baada ya mtu kustaafu, endeleeni kumpima kwa miaka michache. Wengi hupunguza uzito kwa makumi ya kilo, na mwili uliozoea shinikizo la miaka kumi unahitaji uangalizi wakati huo kama ulivyouhitaji wakati wa kupanda. Wachache wenye majina makubwa, kama Brian Shaw aliyestaafu mwaka 2023 akiwa na mataji manne ya dunia, wana njia za kujilipia madaktari. Aliyemaliza wa saba kila mwaka hana.

Naomba mnijibu mambo matatu, kwa maandishi na hadharani, kabla ya kutuma mialiko ya msimu ujao: ni daktari gani atakayesoma vipimo vya moyo vya washindani, na je, ana mamlaka ya kumzuia mtu, bima yenu inagharimia matibabu hadi lini baada ya siku ya mashindano, na mshindani aliyeumia ampigie nani simu usiku huohuo ili upasuaji wake usicheleweshwe. Nitawasomea washindani ninaowahudumia majibu yenu kabla hawajatia saini mikataba.

Wenu katika mchezo,

Mtaalamu wa tiba ya viungo